Mabawa ya mwavuli

UKISHUKA matatu pale Keroka, mpenzi msomaji, waweza kukanyaga Kisii kwa mguu wa kulia na Nyamira kwa mguu wa kushoto. Mji huo umekalia mpaka wa kaunti hizo mbili, kando ya barabara kuu itokayo Kisii kwenda Sotik na Kericho, na tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013 wakubwa wa pande zote mbili wamezozana si haba juu ya nani achukue ushuru wa soko. Mchuuzi naye yuko pale katikati na ndizi zake, akingoja kuambiwa risiti ya nani ndiyo halali.

Lakini leo sikuja na habari za ushuru. Nimekuja na habari za mwanasesere.

Miongoni mwa bidhaa zinazoning'inia vibandani katika miji yetu hii kuna wale mashujaa wa plastiki waliotoka ng'ambo. Unawajua. Mtu ana misuli kama magunia, barakoa usoni, mabawa mgongoni, na mkononi ana bunduki isiyofanana na bunduki yoyote ya dunia hii. Mtoto hulia mpaka anunuliwe. Siku ya tatu bawa limekatika. Siku ya saba kichwa kiko chini ya kitanda na kiwiliwili kiko kinywani mwa mbwa. Sisi wazazi hulalamikia fedha zetu, na tuna haki. Ni wachache mno wanaojiuliza ni nani aliyeketi akakiwaza kitu kile. Nani aliamua bawa liwe na urefu huu, goti likunjike hapa, kishungi kikae kule?

Swali hilo ndilo linalomkosesha usingizi binti mmoja wa Gredi ya 8 anayeishi kilomita chache kutoka sokoni Keroka. Jina lake nalihifadhi. Mamake ni fundi wa cherehani mjini, na ndiye aliyeniandikia. Alieleza kwamba baba wa binti amelitwaa daftari la hisabati baada ya kukuta kurasa za nyuma zimejaa viumbe nusu mtu nusu ndege, wengine wamevaa helmeti, wengine wamebeba mitungi mgongoni. Mzee alikasirika. Akatangaza kwamba likizo ikifika mtoto atapelekwa kwa nyanyake akachume majani chai mpaka akili zimrudie. Mama naye akataka kujua kwangu: je, huu ni utundu, ni kipawa, au ni ugonjwa wa televisheni?

Nilifunga safari. Mambo kama haya hayajibiwi kwa barua.

Kabla sijaendelea, neno kwa wageni wa Gusii. Katika Ekegusii, 'baba' ni mama mzazi, na baba mzazi ni 'tata'. Binti aliponiambia kwamba Baba ndiye aliyempa mwavuli mbovu akaufumue, mtu wa kutoka Machakos angedhani mzee amelegeza kamba. La hasha. Tata alikuwa bado amelikalia daftari.

Mwavuli mbovu? Ndiyo, na hapo ndipo nilipovuta kigoda karibu. Huyu mtoto hakuwa akichora tu. Nyuma ya cherehani ya mamake, ndani ya boksi la viatu, mlikuwa na mwanasesere wa urefu wa kalamu ya risasi mpya. Kichwa ni cha ndege, mwili ni wa mtu, na miguu ni ya ndege tena. Jina lake Enyoni, yaani 'ndege' kwa lugha ya nyumbani. Na Enyoni alikuwa na shida moja kubwa: kila akivalishwa mabawa alianguka chali.

Nilimwomba binti anieleze kiumbe huyu anatoka wapi. Alinipa hadithi nzima bila kupumua. Ni mwaka 2150. Mvua imehama milima ya Gusii. Chemchemi zimekauka kwa sababu mabonde yalijazwa mikaratusi na matanuri ya matofali. Watu wachache wamechaguliwa kuwa walinzi wa maji. Wanaruka kutoka genge la Manga hadi vilima vya Keroka wakibeba mbegu na chupa za maji ya kupimwa. Hawana uchawi. Wanaruka kwa vifaa walivyovitengeneza wenyewe.

Nilipomsikia nilikumbuka filamu ya Wanuri Kahiu, Pumzi, ya mwaka 2009, inayoonyesha Afrika baada ya vita vya maji na mwanamke anayebeba mche akitafuta mahali pa kuupanda. Binti wa watu hajaiona. Aliyemwona ni Sema wa katuni za Super Sema zilizoanza mwaka 2021, yule msichana wa Kiafrika anayeshinda kwa sayansi, na ambaye Lupita Nyong'o alisaidia kumleta hewani. Hata hivyo maji yanayokauka hakuyapata katika katuni. Ameyaona kwa macho yake kisimani.

Umbo la kichwa amelitoa kwa korongo mwenye taji, yule ndege mrefu mwenye kishungi cha dhahabu ambaye wazee wengi wa Kisii na Nyamira wanamkumbuka akitembea kwenye vinamasi vya mabondeni. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimweka katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka, na sababu kubwa mojawapo ni kukaushwa kwa vinamasi hivyo hivyo. Kwa hiyo hadithi ya mtoto ina miguu. Mkia ameutoa kwa mwewe mwizi wa vifaranga. Huyo hahitaji kutambulishwa kwa mama yeyote mwenye kuku.

Sasa tuseme kidogo juu ya biashara hii huko ilikokomaa, maana baba mtu anadhani ni upuzi wa watu wasio na kazi.

Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilitoa G.I. Joe, askari wa karibu sentimita 30 ambaye viungo vyake vilikunjika. Wenye kampuni waliogopa kwamba hakuna baba atakayekubali kumnunulia mwanawe wa kiume kitu kiitwacho mwanasesere. Basi neno hilo likapigwa marufuku ofisini, wakabuni jina jingine lenye maana ya 'sanamu ya vitendo'. Mwanasesere ni yule yule, ila amebadilishiwa jina. Akina baba walinunua! Mwaka 1978 kampuni ya Kenner ikatoa mashujaa wa Star Wars, na ikawapunguza hadi sentimita tisa na nusu hivi. Kwa nini? Kwa sababu mashujaa hao walihitaji vyombo vya angani vya kupanda, na chombo cha kumbeba mtu wa sentimita 30 kingekuwa kikubwa kama meza, na bei yake ingemtoa mzazi machozi. Ndiyo kusema kwamba kimo cha mwanasesere huamuliwa na kile atakachokipanda au kukivaa. Binti wa Keroka alilijua hilo bila kuambiwa: Enyoni ana sentimita 18 kwa sababu njiti za mwavuli wa kukunja hazingefaa kwa mtu mfupi zaidi.

Watu-ndege nao walikuja. Mwaka 1982 Mattel ilimtoa Stratos katika kundi la He-Man. Mabawa alivalishwa mikononi na mgongoni akabebeshwa mtambo wa roketi. Mwaka 1984 Kenner ikamtoa Hawkman, ambaye ukimbana miguu mabawa yake hupiga. Baadaye kidogo ikaja jamii ya SilverHawks, wenye mabawa chini ya mikono, ambao pia ukiwabana miguu mikono huinuka na mabawa kukunjuka, na ambao walikuja na ndege wadogo wa kuwasindikiza. Hizo ni njia tatu za kujibu swali moja: bawa likae wapi ili mtu abaki na mkono wa kushikia kitu?

Msichana wetu alikuwa na jibu la nne. Bawa lisiwe sehemu ya mwili kabisa. Liwe ni vazi, livalike na kuvulika kama mkoba wa shule, na likiwa limevuliwa likunjwe lisizidi urefu wa mgongo. Na ni kitu gani hapa Keroka hukunjuka na kukunjika mara kumi kwa siku? Nyanda hizi za juu hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Kila boma lina mwavuli, na kila boma lina mwavuli uliovunjika.

Tazama njiti ya mwavuli mfupi wa kukunja kwa makini siku moja. Ina kiungo cha kwanza karibu na mti, kiungo cha pili katikati, na waya mwembamba unaovuta kipande cha nje kifuate cha ndani. Sasa mtazame kuku unapomnyonyoa. Bawa lake lina mfupa wa juu, kisha kiwiko, kisha mkono wa chini, kisha kifundo na vidole vilivyoungana. Akinyoosha kiwiko, kifundo nacho hunyooka chenyewe. Fundi wa mwavuli na Muumba wa kuku, kila mmoja kwa njia yake, wamefikia kiungo kile kile. Binti amechukua njiti tatu kila upande, amezikata kwa koleo, na mamake amezishonea nailoni ya mwavuli. Zamani angetumia juala la plastiki, kama tulivyotengenezea tiara na mipira utotoni, lakini tangu Agosti 28, 2017 mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini, na kusema kweli nailoni ya mwavuli ni bora mara kumi.

Baadhi yenu mnauliza, je, kitu hiki kitaruka? Hakitaruka, na binti ndiye aliyenieleza kwa nini, kwa hesabu iliyokuwa kwenye daftari lile lile lililotwaliwa. Ukikikuza kiumbe mara mbili kwa urefu, upana na unene, uzani wake huwa mara nane, ilhali eneo la bawa huongezeka mara nne tu. Ukiendelea kukuza, mwili hulishinda bawa. Tandawala mkubwa wa mbuga zetu, mwenye kilo 18 hivi, ni mmojawapo wa ndege wazito zaidi duniani wanaoweza kuruka, na hata yeye hupenda zaidi kutembea. Mtu mzima wa kilo 70 angehitaji mabawa ya ajabu, na kifua cha kuyapiga hana.

Kwa sababu hiyo ile mitungi mgongoni mwa Enyoni haikuwa pambo. Ilikuwa jibu la hesabu. Mabawa ni ya kuelea na kupinda kona, mitungi ni ya kusukuma. Hapa ndipo hadithi ya kisayansi inapoachana na hadithi ya majini. Jini huruka kwa kuwa ni jini. Mlinzi wa maji lazima awe na sababu ya kuruka, na mtoto wa kusikiliza hadithi atamuuliza.

Nilipomwambia mama kwamba hiyo ndiyo hisabati yenyewe, alicheka akasema nikamwambie mwenye daftari.

Turudi kwenye kuanguka chali. Kiwiliwili cha Enyoni ni cha mti wa mberoshi, kimechongwa kwa kisu na kusuguliwa kwa msasa. Mikono na miguu imeungwa kwa pete za mpira zilizokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, zinazopita ndani ya mwili na kuivuta miguu iwe imekaza. Msidhani huo ni umaskini wa vifaa. Wanasesere wadogo wa G.I. Joe waliotoka mwaka 1982 walishikiliwa kiunoni kwa pete ya mpira vivyo hivyo, na wengi waliokatika walikatika kwa sababu mpira ulizeeka. Ubora wa mbinu hii ni kwamba mpira wa tyubu hubadilishwa kwa dakika tano.

Lakini mabawa yakivaliwa, uzito wote ulihamia nyuma ya visigino. Binti alikuwa amejaribu kuweka kokoto kifuani. Enyoni akawa mzito na bado akaanguka. Alijaribu kuunamisha mwili mbele, akaonekana kama mtu anayetafuta shilingi iliyopotea. Nilimuuliza kama amewahi kuwatazama ndege wenyewe wakisimama. Akanyamaza, halafu akakimbilia nje, akarudi amembeba kuku wa jirani chini ya kwapa.

Kidole cha nyuma! Kuku ana vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, na hicho cha nyuma ndicho kinachozuia kisigino. Na korongo mwenye taji ana siri zaidi. Makorongo wengine wa dunia hulala wamesimama chini au majini kwa sababu kidole chao cha nyuma ni kifupi mno kushika tawi. Korongo mwenye taji na binamu yake mweusi ndio pekee wenye kidole kirefu cha kutosha kulala juu ya miti. Ndege aliyemchagua kwa ajili ya taji lake zuri alikuwa amebeba miguuni dawa ya ugonjwa wake. Kabla jua halijatua, spoki mbili za baiskeli zilikuwa zimekunjwa na kuingizwa nyuma ya nyayo, kila moja ya sentimita tatu. Enyoni alisimama na mabawa yamekunjuliwa kabisa. Mama aliacha kushona.

Na kwa kuwa kidole hicho kimepinda, kinaweza pia kushika uzi. Hapo likazaliwa pambo la pili la kuruka, ambalo kwangu mimi ndilo bora kuliko yote: kigurudumu kinachobaki uzi wa cherehani unapokwisha. Kimetobolewa katikati tayari. Ukikipitisha kwenye waya mdogo na kukivalisha Enyoni mabegani, kisha ukafunga kamba ya nailoni kutoka paani hadi kwenye mparachichi, mlinzi wa maji anateremka bonde zima kwa kasi, mabawa yakitetemeka. Watoto wa majirani walipiga foleni. Mkia wa panda, uliotengenezwa kwa kipande cha chupa ya plastiki, unaweza kuzungushwa kushoto na kulia kama mwewe afanyavyo akikata kona. Kwenye kamba haumsaidii kitu, lakini ukimwondoa watoto hulalamika.

Juu ya usalama, wazazi, fungueni masikio, maana hapa sicheki. Mwishoni mwa mwaka 1978 mtoto wa miaka minne huko Marekani alifariki baada ya kombora dogo la plastiki, lililofyatuka kutoka chombo cha mchezo cha Battlestar Galactica, kumwingia kooni. Wakati huo Kenner ilikuwa inajiandaa kumtoa Boba Fett, mwindaji wa Star Wars mwenye mtambo wa kuruka mgongoni na roketi ya kufyatuka kwa springi. Tangazo lilikuwa limeshatoka. Kampuni ilitafakari, na watoto walioagiza mwaka 1979 wakapokea Boba Fett mwenye roketi iliyogandishwa kabisa. Sampuli chache za ile ya kufyatuka zilibaki mikononi mwa watu, na mwaka 2024 moja iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 500,000. Fedha hizo ni za kustaajabisha, lakini uamuzi wa kuigandisha ndio ninaotaka ukumbukwe.

Mitungi ya Enyoni ilikuwa imetengenezwa kwa vifuniko vya kalamu na ilichomoka kwa urahisi. Nyumbani mna mtoto wa miaka miwili. Chukua ile bomba ya karatasi inayobaki katikati ya karatasi ya choo. Chochote kinachopita ndani yake chaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Mitungi ilipita. Kwa hiyo sasa imefungwa kwa uzi na kutiwa gundi. Ncha za njiti na spoki zimepindwa na kuvikwa mpira wa tyubu ili zisitoboe jicho la mtu. Na rangi ya mafuta iliyobaki kwenye mkebe wa miaka mingi isitumiwe hata kidogo, kwani nyingi za zamani zina madini ya risasi, na mtoto hutia kila kitu kinywani. Rangi za maji za shuleni zinatosha.

Jirani mmoja, mzee wa heshima, alishauri kwamba kwa kuwa sisi ni watu wa mawe ya sabuni, Enyoni achongwe kwa jiwe la Tabaka ili apendeze wazungu. Nilimheshimu mzee lakini nilimpinga. Jiwe hilo lina uzani wa karibu mara sita ya mberoshi. Mwili ule ule wenye gramu 40 ungekuwa na karibu gramu 240, na ukiteremka kwenye kamba ungempasua mtu kichwa. Jiwe ni la ndege aliyetulia. Elkana Ong'esa, mchongaji wa Tabaka, ana ndege wa amani wa jiwe aliyesimama katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris, na hakuna anayemtaka ndege yule ateremke kwenye kamba. Kazi ambayo jiwe lingeweza kuifanya hapa ni nyingine. Kwa kuwa ni laini na hukatwa kwa kisu likiwa limeloweshwa, lingefaa kuchongwa kalibu ya kumimina vichwa vya Enyoni vilivyo sawa sawa, endapo siku moja watahitajika ishirini na si mmoja. Kulilowesha ni lazima, kwani vumbi lake si zuri kwa mapafu.

Hapo mama, kama mfanyabiashara, akauliza swali lililokuwa moyoni mwake: mtu akiiba wazo hili je? Nilimweleza ninavyojua. Mchoro wa binti unalindwa na sheria ya hakimiliki tangu pale alipouchora. Umbo la bidhaa yenyewe laweza kusajiliwa kama muundo wa kiviwanda katika taasisi ya KIPI jijini Nairobi. Usajili huo ni wa miaka mitano na waweza kurudiwa mara mbili, yaani miaka 15 kwa jumla. Kwa sasa nilimshauri atie tarehe na sahihi kwenye kila ukurasa. Hilo halina malipo, ila lahitaji daftari.

Na daftari lilikuwa kwa mzee.

Alirudi jioni na gunia tupu la majani chai begani. Nilimwamkia, tukakaribishwa chai, tukaongea mvua na bei ya bonasi kama ilivyo ada. Si mtu mkali jinsi nilivyotarajia. Hoja yake ilikuwa wazi na siwezi kuidharau. Mtoto akimaliza Gredi ya 9 atachagua mkondo: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, au sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Yeye anataka mkondo wa kwanza. Amechuma chai miaka yote hii ili mwanawe asiichume. Anaogopa kwamba michoro itampeleka kwenye sanaa, na kutoka sanaa moja kwa moja hadi kibandani.

Sikumhubiria. Nilimwomba tu alifungue daftari kwenye ukurasa wa hesabu ya mara nane na mara nne, akausome. Aliusoma mara mbili. Halafu akamwita binti na kumuuliza mbona Enyoni, hata baada ya kupata vidole, alikuwa akilalia upande wa kushoto kwenye kamba. Binti hakujua. Mzee akaichukua ile mikanda ya mabawa, akaivuta kwa kidole gumba, akasema imefungwa chini mno. Kikapu cha majani chai kikining'inia chini hukuyumbisha mteremkoni, kikikaa juu karibu na mabega kinatulia. Wakaipandisha mikanda sentimita moja. Kulalia kushoto kukapungua, ila hakukwisha, kwa kuwa bawa la kushoto lilikuwa na kiraka cha nailoni nzito kutoka mwavuli mwingine.

Niseme ukweli juu ya jambo la mkondo: mzee hajabadili nia, na wala sidhani alipaswa kuibadili kwa sababu ya ziara ya mwandishi mmoja. Ila wazazi walio na mtoto wa namna hii wajue kwamba kubuni mwanasesere si sanaa tupu. Mtu anayefanya kazi hiyo kiwandani huchora, ndiyo, lakini pia hupima uzani, hujua plastiki ipi hukatika kwenye baridi, huhesabu gharama ya kila kiungo na husoma kanuni za usalama. Mhandisi na msanii huketi meza moja. Mama na baba wa binti huyu wanaweza kuendelea kubishana juu ya mkondo kwa mwaka mmoja zaidi bila yeyote kati yao kuwa amekosea, mradi daftari lisitwaliwe.

Daftari limerudishwa, kwa sharti kwamba Enyoni ahamie daftari lake mwenyewe na kurasa za hisabati zibaki za hisabati. Safari ya kwa nyanya ipo palepale, chai haijichumi. Nyanya amepelekewa habari na ameuliza kama ndege huyo anakula mahindi.

Kilichobaki ni kile kiraka cha bawa la kushoto. Nailoni nyepesi ya kufanana na ya kulia imo nyumbani, katika mwavuli mzima wa mzee mwenyewe. Amesema hakuna mkasi utakaougusa mpaka mvua iishe, na Keroka, kama mjuavyo, mvua haina haraka ya kuisha.